Bunge Chini ya Katiba, Katiba Mkononi mwa Bunge

Kila Bunge jipya la Tanzania linapoanza, wabunge huitwa mmoja mmoja mbele ya Spika kula kiapo. Wengine hushika Biblia, wengine Msahafu. Maneno ni yale yale kwa wote: mbunge anaahidi uaminifu kwa Jamhuri ya Muungano, kisha anaapa kuihifadhi, kuilinda na kuitetea Katiba. Ibara ya 68 ndiyo inayomtaka afanye hivyo. Kabla hajaapa, ukiacha kura ya kumchagua Spika, hana ruhusa ya kushiriki shughuli yoyote ya Bunge, hata kama jimbo zima lilimpigia kura.

Naanza na kiapo kwa sababu kinaweka wazi nani yuko juu ya nani. Anayeapa yuko chini ya kile anachokiapia. Lakini kaa kijiweni siku mjadala wa siasa umepamba moto, utasikia sauti ikiufunga kwa maneno matatu: “Bunge limeshapitisha, basi.” Kana kwamba likishapitisha Bunge, hakuna tena wa kuuliza kama lilikuwa na uwezo wa kupitisha. Shuleni, katika somo la Uraia, tulifundishwa kwamba Katiba ni sheria mama na Bunge ni mhimili unaotunga sheria. Majibu hayo yanampa mwanafunzi alama zake, lakini hayamwambii kitu kuhusu siku ambayo mtunga sheria anaigeukia sheria iliyomzaa. Siku hiyo imetufika mara nyingi, Tanzania na kwa majirani, na sura hii inahusu zaidi yaliyotokea siku hizo.

Wananchi wengi wanaijua tofauti hii kwa vitendo, wala hawakufundishwa na wanasheria. Chukua kikundi cha vikoba. Wanachama wakikutana kwa mara ya kwanza, kabla hisa moja haijanunuliwa, huandika katiba: hisa ni shilingi ngapi, mkopo usizidi mara ngapi ya hisa za mtu, anayechelewa kikaoni atozwe faini gani, mwanachama akifiwa apewe nini kutoka mfuko wa jamii. Ndipo wanachagua uongozi. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwenyekiti na kamati yake wana madaraka ya kweli: wanapitisha mikopo, wanatoza faini, wanaamua ugomvi. Ila siku kamati ikijifungia na kuamua kwamba muda wake wa uongozi umeongezwa, au kwamba funguo zote tatu zitakaa kwa mwenyekiti, hakuna mwanachama atakayehitaji wakili wa kumweleza kwamba kuna kitu kimevunjwa. Kamati ilipewa kazi na katiba, na katiba ilitoka kwa wanachama. Unaoweza kuigusa ni mkutano wa wanachama wote.

Bunge ni kamati ya namna hiyo kwa ukubwa wa taifa. Soma Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 utaona jinsi ilivyoliumba Bunge kipande kwa kipande. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani Rais yuko nje kabisa ya chombo hicho. Ibara ya 97 inaeleza kwamba muswada hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Akiukataa, na wabunge wakaupitisha tena kwa theluthi mbili, atachagua kuusaini au kulivunja Bunge. Ibara ya 64 inatamka kwamba sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili. Maisha ya Bunge, ukubwa wake, nani anaingia na nani anapoteza kiti, vyote vimepangwa humo. Bunge lenyewe haliwezi kusema limezaliwa mahali pengine.

Ugumu uko Ibara ya 98. Hapo Katiba inalipa Bunge uwezo wa kuibadilisha Katiba yenyewe. Kinachotakiwa ni kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Mambo machache yanayogusa Muungano yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Wananchi hawaulizwi popote. Katika nchi ambayo chama kimoja kimekuwa na zaidi ya theluthi mbili ya viti karibu wakati wote, maana yake ni kwamba kikao cha wabunge wa chama tawala kinatosha kuamua Katiba isomeke vipi kesho.

Hali hii ina historia yake. Tulirithi Bunge kutoka Uingereza, pamoja na siwa linalobebwa mbele ya Spika na kanuni za mijadala. Uingereza haina Katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja. Huko Bunge ndilo kuu, linaweza kutunga au kufuta sheria yoyote, na mazoea ya karne nyingi ndiyo yanayolizuia. Sisi tulichukua fikra ya ukuu wa Bunge bila karne hizo za mazoea. Katiba ya Uhuru ya 1961 ilitolewa kwa amri ya Malkia. Mwaka mmoja baadaye Bunge la Tanganyika lilijigeuza Bunge la Katiba na kupitisha Katiba ya Jamhuri. Mwaka 1965 Bunge la kawaida kabisa likapitisha Katiba ya Muda iliyoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na katiba ya TANU ikaambatishwa kama nyongeza yake. Iliitwa ya muda, ikadumu miaka 12. Ilipofika 1977, kamati ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, katibu wake akiwa Pius Msekwa, ambayo ilikuwa imeshughulikia kuunganishwa kwa TANU na ASP, ilipewa pia kazi ya kupendekeza Katiba mpya, na Mwalimu Nyerere akawateua wabunge waliokuwapo kuwa Bunge la Katiba. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, jina la kikao ndilo lililobadilika.

Haki itendeke: mikono hiyo hiyo imewahi kufanya mema. Haki za binadamu, ambazo hazikuwamo katika Katiba zetu tangu uhuru, ziliingizwa na Bunge mwaka 1984. Vyama vingi vilirudishwa na Bunge mwaka 1992, ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikuta kwamba karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Naliheshimu Bunge kwa maamuzi hayo mawili. Hofu yangu ni kwamba haki iliyoingizwa kwa kura za wabunge peke yao inaweza kupunguzwa kwa kura hizo hizo, na hatukukaa muda mrefu kabla ya kushuhudia.

Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mtu wa maneno makali. Chama chake, DP, kilinyimwa usajili kwa sababu hakikutambua Muungano. Yeye alikuwa akiidai Tanganyika hadharani. Mwaka 1993 alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, na malalamiko kadhaa, mojawapo likiwa hili: kwa nini Mtanzania asiyetaka kujiunga na chama chochote azuiwe kugombea uongozi? Ibara ya 21 ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Ibara za 39 na 67 zikasema mgombea urais na ubunge lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Katiba ilikuwa inazungumza kwa sauti mbili.

Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu Oktoba 1994. Alizisoma ibara hizo pamoja, akaona kwamba penye mgongano mahakama inapaswa kuegemea upande unaompa raia uhuru wake, na akatamka kuwa ni halali mtu kugombea bila chama. Naiona kuwa hukumu ya ujasiri kuliko nyingi zilizotolewa tangu uhuru. Serikali ilikuwa imeshaandaa muswada wa mabadiliko ya 11 ya Katiba kabla hukumu haijasomwa, na Bunge likaupitisha. Ukawa Sheria Na. 34 ya 1994. Ibara ya 21 ikaandikwa upya ili haki ya kushiriki katika utawala iwe chini ya masharti ya ibara za 39 na 67. Mahakama ilikuwa imesema haki ndiyo kubwa na sharti ndilo dogo. Bunge likageuza: sharti likawekwa juu ya haki, ndani ya Katiba yenyewe, na uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 ukafanyika bila mgombea binafsi.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Manento, Massati na Mihayo, wakampa ushindi tena: Bunge, walisema, halikuwa na uwezo wa kuibana haki ya msingi kwa namna ile. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, likatengua uamuzi huo. Hoja yao ilikuwa nzito na inastahili kuelezwa kwa uaminifu: mahakama inaweza kufuta sheria inayopingana na Katiba, lakini ibara iliyomo ndani ya Katiba haiwezi kuitwa kinyume cha Katiba, suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na mwenye kuliamua ni Bunge.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado haijaniridhisha. Ikiwa kila kitu ambacho theluthi mbili ya wabunge wamekiandika ndani ya Katiba kinageuka kuwa Katiba isiyohojika, basi kile kiapo cha kuilinda kina maana gani? Mbunge anaapa kulinda kitu ambacho kesho yake yeye na wenzake wanaweza kukifanya kuwa kitu kingine, na bado waseme wamekilinda. Majaji wa Rufani waliogopa kujichukulia mamlaka yasiyo yao, na hofu hiyo naielewa. Lakini walimrudisha mlalamikaji kwa yule yule anayemlalamikia.

Mtikila hakukubali kuishia hapo. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika kwa kumzuia raia kugombea bila chama, na ikaitaka ichukue hatua za kikatiba na za kisheria kuliondoa kosa hilo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi huo ulifanyika bila mgombea binafsi, na wa 2020 vivyo hivyo. Miaka ishirini na ushee ya kesi, hukumu tatu za kumuunga mkono, na kilichosimama ni sentensi iliyobadilishwa na Bunge mwaka 1994.

Hapakukosekana nafasi ya kuanza upya. Aprili 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliundwa chini ya Jaji Joseph Warioba, makamu wake akiwa Jaji Ramadhani huyo huyo, wakati huo mstaafu. Tume ilizunguka mikoa yote, ikawasikiliza watu kwenye viwanja vya mpira na chini ya miembe, na Rasimu ya Pili ikakabidhiwa mwishoni mwa Desemba 2013. Magazeti yalijaa habari ya serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, na hilo ndilo lililowagawa wajumbe walioijadili rasimu. Mimi nataka tutazame vifungu vingine ambavyo havikupigiwa kelele. Rasimu iliruhusu mgombea binafsi. Iliweka ukomo wa ubunge: vipindi vitatu vya miaka mitano, basi. Iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Ilitaka mawaziri wasitoke miongoni mwa wabunge.

Sasa nani alipewa rasimu hiyo aijadili? Bunge Maalum la Katiba lilikutana Dodoma kuanzia Februari 2014, Samuel Sitta akiwa mwenyekiti na Samia Suluhu Hassan makamu wake. Wajumbe 201 waliteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali: wakulima, wafugaji, wavuvi, walemavu, taasisi za dini, vyama vya wafanyakazi na mengineyo. Waliobaki, ambao ndio wengi, walikuwa wabunge wote wa Muungano na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo watu walioulizwa kama ubunge uwe na ukomo walikuwa wabunge. Walioulizwa kama mwananchi aweze kumrudisha mbunge nyumbani walikuwa wabunge. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje na hawakurudi. Oktoba 2, 2014, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, na ukomo wa ubunge haumo, uwezo wa kumwondoa mbunge haumo. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na mpaka leo haijapigwa.

Simlaumu mbunge mmoja mmoja. Mpe mtu yeyote mamlaka ya kuandika masharti ya ajira yake, naye atayaandika kwa huruma. Majirani wanathibitisha. Uganda, Desemba 2017, Bunge lilipitisha kwa kura 317 muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa miaka 75 kwa mgombea urais. Humo humo wabunge wakajiongezea muda wao kutoka miaka mitano hadi saba. Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale, iliacha mabadiliko ya umri yasimame lakini ikafuta ile miaka saba. Wananchi walikuwa wamewapa wabunge hao miaka mitano, na hakuna aliyewaendea kuwauliza kuhusu miwili ya ziada.

Kenya ndiyo iliyojifunza kwa maumivu zaidi. Aprili 1966, Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala, KANU, na kuingia chama cha upinzani, KPU, Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka ili mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Sheria ilitungwa ikiwalenga watu waliojulikana kwa majina. Juni 1982 Bunge likaongeza kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria hadi Desemba 1991. Wakenya walipoandika Katiba mpya na kuipitisha kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010, kwa takriban asilimia 67, hawakusahau. Ibara ya 255 inataja mambo kumi, yakiwemo ukuu wa Katiba, Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa mahakama na majukumu ya Bunge, ambayo hayabadiliki mpaka wananchi wapige kura. Wabunge wote wakiungana, bado hawatoshi.

Kinga hiyo ilijaribiwa mapema. Mei 2021 mabunge yote mawili, la Taifa na Seneti, yalipitisha muswada wa kubadilisha Katiba ulioitwa BBI, uliobebwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wanasiasa wenye nguvu kuliko wote nchini wakati ule. Mahakama Kuu ikauzuia, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikaumaliza kwa sababu iliyo wazi: njia ya kubadilisha Katiba kwa saini za wananchi milioni moja ni ya wananchi, na Rais hawezi kuianzisha.

Hata hivyo maandishi mazuri hayajitekelezi. Katiba hiyo hiyo ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja, na ikalipa Bunge muda maalumu wa kutunga sheria ya kulifanikisha hilo. Muda ulipita. Miswada ililetwa mara kadhaa na kila mara kura 233 zilizohitajika hazikupatikana. Kuna siku ambapo ukumbini hapakuwa hata na wabunge wa kutosha kupiga kura. Septemba 21, 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimwandikia Rais kumshauri alivunje Bunge, kama Ibara ya 261 inavyoagiza. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kwa muda, Rais hakulivunja, na wabunge wale waliendelea na viti vyao hadi uchaguzi wa Agosti 2022. Katiba iliamuru, na Bunge likakaa kimya mpaka muda wake ukaisha lenyewe.

Wapo wanaosema kura ya maoni ni ghali na mambo ya Katiba ni magumu mno kwa mwananchi wa kawaida. Jibu lao liko ndani ya Jamhuri yetu wenyewe. Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura kuamua kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na takriban asilimia 66 wakasema ndiyo. Katika Mabadiliko ya 10 ya Katiba ya Zanzibar yaliyofuata mwaka huo, Baraza la Wawakilishi lilijifunga mikono lenyewe: kifungu cha 80A kinataja sehemu za Katiba ya Zanzibar ambazo Baraza haliwezi kuzibadilisha bila wananchi kukubali kwa kura ya maoni. Kwa hiyo muuza samaki wa Chake Chake, juu ya sehemu hizo za Katiba ya Zanzibar, ana neno ambalo wawakilishi hawawezi kulipita. Juu ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ambayo ni yake vilevile, yeye na mkulima wa Namtumbo wako sawa: Ibara ya 98 haimtaji hata mmoja wao.